Ili Msisubiriane

Alichoshindwa kukiona Mhandisi, na ambacho baadaye alikitamka kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya benchi la hospitali, ni kwamba mama yake alikuwa ametokwa jasho jingi asubuhi mara tatu katika muda wa wiki saba, na kwamba kabla ya wiki hizo saba hakuwa ametokwa jasho la namna ile hata mara moja. Mara zote tatu yeye alikuwa ndani ya nyumba, sebuleni, kompyuta mapajani, hatua kumi na tano kutoka kitandani kwa mama. Mara zote tatu alimsikia mkewe akiita, "Sukari! Leteni sukari upesi!" akaenda, akamkuta mama anatetemeka na maneno yanamtoka ovyo, wakamnywesha maji ya sukari, akatulia. Kisha akarudi kwenye kompyuta yake, ambamo kwa mwezi wa pili sasa alikuwa akitafuta sababu ya programu moja kuanguka mara kwa mara bila mpango wowote unaoeleweka.

"Ni uzee," alisema mara ya kwanza. Mara ya pili alisema ni joto. Mara ya tatu alikirudisha kikombe jikoni, basi.

Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba vitatu na kimoja cha uani. Mama alilala chumba cha katikati, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na choo. Kisukari kilikuwa kimeishi naye miaka mingi, na macho yake yalikuwa yamefifia kiasi kwamba aliwatambua watu kwa hatua zao. Alichomwa insulini asubuhi na jioni. Waliomchoma walikuwa wawili: mkwe wake, mshonaji mwenye kibanda cha cherehani mbili kando ya barabara, na mtoto wake wa kwanza, mjane aliyetunza maktaba ya shule na kuishi katika chumba cha uani. Huyu wa pili nyumba nzima ilimwita Dada Mkubwa, hata wale aliowazidi miaka miwili tu. Hapakuwa na zamu. Mshonaji akiwa na kazi ya haraka aliondoka alfajiri. Dada Mkubwa akiwa na wageni wa ukaguzi shuleni, naye vilevile. Aliyekuwepo ndiye aliyechoma.

Ili mambo yasichanganyike, Mhandisi alitengeneza daftari. Alilichora mistari kwa rula, akalifunga kwa uzi kwenye msumari ukutani, ukumbini, na juu ya jalada akaandika kwa herufi kubwa: SOMA. KAMA NI TUPU, MCHOME. UKISHAMCHOMA, WEKA ALAMA. Mama alicheka aliposomewa.

"Mwanangu kanigeuza kompyuta," alisema. "Angalia tu usije ukanizima."

Mwanzoni daftari lilikuwa na safu ya jina la aliyechoma. Mhandisi aliifuta safu hiyo mwezi wa pili, baada ya kumsikia Dada Mkubwa akisema Jumapili moja, kwa sauti ya kutangazia majirani, "Wiki hii mimi tisa, mwenzangu tano. Mwaka ukiisha mnipe cheti." Akachora kurasa mpya zenye miraba mitupu ya alama peke yake. Aliona amezima moto kabla haujawaka.

Ukabaki ugomvi wa peni. Insulini ya mama ilikuwa katika peni, ile sindano yenye umbo la kalamu nene ambayo mtu huzungusha kitako chake hadi kipimo kinachotakiwa. Ilikuwepo moja tu. Mmoja wao akiwa nayo, mwingine alisimama ukumbini akingoja, au alizunguka jikoni akiitafuta.

"Wifi, peni umeificha wapi? Au siku hizi unalala nayo?"

"Nilale nayo nafasi nimeipata wapi, wifi, na kaka yako analala na kompyuta?"

"Nyinyi," mama aliita kutoka kitandani, "mwenye sukari ni mimi, lakini uchungu wote mnao nyinyi."

Mhandisi alinunua peni ya pili. Aliwakabidhi siku moja ya mapumziko, baada ya chakula cha mchana, mmoja mkono huu na mwingine mkono ule, kama mtu agawaye zawadi kwa watoto waliopatana.

"Kila mtu na yake," alisema. "Nimewaletea ili msisubiriane."

Wote wawili walimshukuru. Siku hiyo ndiyo wiki saba zilipoanza kuhesabika.

Bohari lililotumia programu ya kampuni yake liliuza vipuri vya magari kwa jumla. Ilikuwa nyumba ndefu ya mabati yenye harufu ya grisi na mpira mpya, na mkuu wake alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine. Programu ilipoanguka, skrini zote sita ziliganda, makarani wakakunja mikono, na malori yakajipanga nje. Mhandisi akaitwa.

"Karibu, daktari," mkuu wa bohari alisema siku hiyo, akamsogezea katoni la vichungio vya mafuta akalie, kwa kuwa viti vyote vilikuwa na watu. "Mgonjwa wako kazimia tena. Safari hii utamwekea dripu au tuchimbe kaburi?"

Makarani walicheka. Mhandisi naye alicheka kidogo, kwa sababu kutocheka kungekuwa vibaya zaidi, akafungua kompyuta yake juu ya magoti.

Programu ile ilikuwa na nyuzi nane, yaani ni kana kwamba ndani ya mashine wamekaa makarani wanane wasioonekana, wote wakitumia ubao mmoja kwa wakati mmoja. Kila mmoja huusoma ubao, huenda kufanya kazi, kisha hurudi kuandika alichofanya. Mahali fulani, mara moja katika siku mbili au tatu, karani mmoja alisoma kwamba kitu kipo, na kabla hajakifikia mwingine alikuwa ameshakiondoa. Wa kwanza akakanyaga hewa, na wote wanane wakaanguka naye. Kiasi hicho Mhandisi alikijua. Asichokijua ni wapi hasa. Alipoongeza mistari ya kurekodi kila hatua ya kila karani, programu ilikwenda kwa adabu wiki nzima. Alipoiondoa mistari hiyo, ikaanguka siku ya pili.

"Ukiisimamia inatulia," alimweleza mkuu wa bohari.

"Basi ndivyo ilivyo hata kwa wapakiaji wangu," mzee akasema. "Lakini wao nikiwageuzia kisogo huwa wanalala tu. Hawaangushi bohari."

Mkurugenzi wa kampuni alimpigia simu Mhandisi akiwa bado juu ya katoni. Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba bohari limeomba kurudishiwa toleo la zamani la programu, lile la pole pole, na akauliza, kwa upole uliouma kuliko matusi, kama ingefaa amwombe mtu mwingine aliangalie jambo hili kwa macho mapya.

Baada ya jasho la tatu, Mhandisi aliamua kumchunguza mama kama alivyoichunguza programu. Jumamosi na Jumapili alileta kiti, akakaa kando ya kitanda tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mshonaji aliingia na peni yake akisema kwa sauti, "Mama, nimekuja kukuchoma," kwa sababu mumewe alikuwepo na ilikuwa vizuri aone. Dada Mkubwa, aliyekuwa akija na ya kwake, aliisikia sauti hiyo akiwa mlangoni. "Kumbe umeshawahi, wifi. Haya, mimi naweka maji ya chai." Siku mbili zikapita bila jasho wala mtetemo. Mama alifurahi kukaa na mwanawe. Alimpapasa kiganja, akamwambia kimekuwa laini kama cha karani wa benki.

"Unaona? Mzima kabisa," Mhandisi alimwambia mkewe Jumapili jioni.

"Lakini peni hizi zinaisha haraka," Mshonaji akasema. "Yangu ilitakiwa ifike Ijumaa ijayo."

"Labda zinavuja," akajibu, macho yakiwa kwenye skrini.

Jumanne Mshonaji aliamka na sare kumi na mbili za kukabidhi kabla ya saa mbili. Alipita ukumbini, akatazama daftari, akaona mraba wa asubuhi ni mtupu. Aliingia kwa mama, akamchoma vipimo ishirini na vinne tumboni, upande wa kushoto. Mama akamwomba amfunike miguu, kwamba inamtambaa baridi. Blanketi lilikuwa limelowa pembeni. Mshonaji akatoka kwa mlango wa jikoni kwenda uani kuanua lingine kwenye kamba.

Katika dakika hizo Dada Mkubwa, aliyekuwa ametoka dukani, aliingia kwa mlango wa mbele. Alitazama daftari. Mraba ulikuwa mtupu. Alimchoma mama vipimo ishirini na vinne, upande wa kulia, akiwa anawaza juu ya vitabu mia mbili ambavyo vilikuwa havijagongwa muhuri, akatoka, akaweka alama, akaenda kazini.

Mshonaji alirudi na blanketi, akamfunika mama miguu, akambusu kipaji cha uso. Alipofika ukumbini na kushika kalamu, alikuta alama ipo. Akatikisa kichwa, akajicheka. Kumbe ameshaandika, kichwa chake kimejaa vitambaa. Akaondoka.

Sebuleni Mhandisi alisikia hatua zikiingia na hatua zikitoka. Saa mbili na robo alikwenda kumpelekea mama chai. Alimkuta amelala na shuka imelowa, kinywa kimekazana, na kijiko cha sukari hakikupata pa kupita.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya kukosa usingizi. Alikuwa ameshamtundikia mama maji ya sukari, kwa kuwa sukari yake ilikuwa imeshuka mno, na sasa alisimama na fomu mkononi mbele ya wale watatu katika korido ya hospitali iliyojaa watu wengine wenye shida zao.

"Asubuhi alichomwa vipimo vingapi?"

"Ishirini na vinne," walijibu kwa pamoja Dada Mkubwa na Mshonaji.

"Na nani?"

"Mimi," walisema, kwa pamoja tena.

Daktari aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi. Mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi la jirani aligeuza shingo kuwatazama. Mhandisi aliona nyuso za wanawake wawili zikigeukiana taratibu, kila mmoja akiwa na uhakika na kila mmoja akiwa na hofu.

"Nyumbani kwenu nani anasimamia dawa?" daktari aliuliza.

Mhandisi alikuwa amekuja na daftari kwapani. Alilitoa, akafungua ukurasa wa mwezi ule, mistari yake imenyooka kama ya kiwandani. Daktari alipitisha kidole hadi Jumanne.

"Alama ni moja."

"Ni yangu," Dada Mkubwa alisema. "Tazameni mkia wake unavyopinda. Ndivyo ninavyogonga alama kwenye kadi za maktaba, miaka ishirini na mitatu sasa."

"Niliikuta ipo," Mshonaji alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani ni mimi niliyeiweka."

"Mmesikia? Anakiri mwenyewe. Amechoma, hakuandika." Dada Mkubwa alimgeukia ndugu yake, machozi yanamtoka bila yeye kujua. "Mdogo wangu, sheria uliiweka wewe kwa mkono wako. Ukishamchoma, weka alama. Mimi nimefuata. Mkeo je? Anamdunga mama yetu sindano halafu anakimbilia sare za watu, halafu anatuambia alidhani! Alidhani nini? Huyu ni mwongo. Ameona mambo yamemwagika ndipo anatafuta pa kujifichia."

Manesi wawili walisimama. Mmoja alisema, "Dada, hapa ni hospitali."

Mshonaji alimtazama mumewe. Alingoja. Mhandisi alikuwa akilitazama daftari, akipima kile alichokiandika juu ya jalada, na kwa hesabu ya jalada lile dada yake alikuwa sahihi: mmoja aliandika, mwingine hakuandika. Akafunga daftari, akalirudisha kwapani.

"Sawa," Mshonaji alisema hatimaye. Alifungua mkoba wake, akatoa peni yake ya insulini na kumwekea mumewe kiganjani. "Nitakaa kwa shangazi mpaka mama azinduke. Akizinduka, mumuulize yeye."

Mama alizinduka Ijumaa mchana. Kifua chake kilikuwa kinakoroma. Daktari alisema baadhi ya mate yameingia mapafuni alipokuwa amezimia, na kwamba sasa wanapigana na nimonia. Mhandisi alikuwa peke yake kando ya kitanda. Mama alizitambua hatua zake kabla hajakaa.

"Kiganja laini," alisema.

"Ni mimi, mama."

Alikaa akisikiliza pumzi zake mwenyewe. Mhandisi hakutaka kumuuliza, lakini akamuuliza.

"Jumanne asubuhi, mama. Ulichomwa mara mbili?"

"Mara mbili."

"Wa kwanza nani?"

"Mkeo. Kisha dada yako."

"Sasa mbona hukusema, mama? Mbona hukumwambia dada kwamba umeshachomwa?"

Mama aligeuza uso upande wa dirisha ambalo hakuliona. "Nilidhani mmeambizana," alisema. "Hata zile siku nyingine nilidhani hivyohivyo. Kwamba daktari ameongeza dawa. Nikasema, nikiuliza, huyu atasema yule hakufanya vizuri, yule atasema huyu anajitia kujua. Maneno yataanza. Wanachoka kwa ajili yangu, kutwa kucha. Nisiwe mimi wa kuwagombanisha." Alikohoa muda mrefu. "Kumbe hamkuambizana?"

Mhandisi alichukua kitambaa. Alimfuta jasho, na jasho hili lilikuwa la homa tu. Alipotoka nje hakumpigia mkewe simu, wala hakumwambia dada yake. Alijiambia anangoja mama apate nafuu kidogo ili awaite wote pamoja. Ukweli ni kwamba alikuwa hajajua atawaambia nini. Alijua sasa kwamba hakuna aliyesema uongo, lakini hakuelewa ni vipi watu wawili wasio waongo walifuata sheria nzuri na kumfikisha mama pale.

Mtu wa macho mapya ambaye Mkurugenzi alimwomba aliangalie tatizo la bohari alikuwa mwanamke wa makamo ambaye ofisi nzima ilimwita Hadubini, kwa unene wa miwani yake na kwa tabia yake ya kusoma kila mstari wa programu kana kwamba unadaiwa maelezo. Jumatatu asubuhi alimwita Mhandisi mezani kwake. Alikuwa amezifungua kurasa mbili kwenye skrini, toleo la zamani na toleo la sasa.

"Pole na mama. Nilitaka kusubiri urudi sawasawa, lakini bohari wananipigia kila saa." Aliweka kidole kwenye skrini. "Hapa mwaka juzi palikuwa na kufuli. Karani anayetaka kuusoma ubao alilazimika kulishika kwanza, akasoma, akafanya kazi yake, akaandika, ndipo akaliachia. Mwingine hawezi hata kusoma mpaka huyu amalize. Sasa halipo. Nani alilitoa?"

"Mimi," Mhandisi alisema. "Mwaka jana. Programu ikawa na kasi maradufu. Mkurugenzi alinisifu kwenye mkutano."

"Nakumbuka, tulikupigia makofi. Na kwa nini ulilitoa?"

"Nyuzi zilikuwa zinasubiriana."

Alilisikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Hadubini aliendelea kueleza, kwa kalamu na karatasi, namna kila uzi unavyofuata kanuni kikamilifu: unasoma, unakuta patupu, yaani hapana alama kwamba kitu kimeshachukuliwa, unafanya, unaandika, na namna madhara yalivyo yote katika kile kipande kifupi cha wakati kati ya kusoma na kuandika, ambamo mwingine anaweza kusoma patupu palepale. "Ndiyo maana hukuona kitu ulipoweka mistari ya kurekodi. Mistari ilizichelewesha, zikawa zinapishana bila kukusudia. Ulikuwa umezirudishia kufuli bila kujua." Aliinua macho. "Hakuna uzi wenye kosa hapa, ndugu yangu. Kosa ni la aliyepanga. Unanisikia?"

Mhandisi alikuwa ameshika ukingo wa meza. Hadubini alivua miwani, na bila miwani uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, laini zaidi.

"Vipi? Si jambo la kulilia hili. Tunalirudisha kesho."

"Si hilo," alisema. "Naomba ruhusa niende hospitali."

Aliwaita wote wawili. Mshonaji alikuja kutoka kibandani, nyuzi za rangi mbalimbali zimemganda kwenye sketi. Dada Mkubwa alikuja kutoka shuleni na muhuri wa maktaba umesahaulika mkononi. Walikaa kwenye benchi refu nje ya wodi, nafasi ya mtu mmoja katikati yao, na Mhandisi akachuchumaa mbele yao badala ya kukaa katika nafasi ile.

Aliwaambia alichoambiwa na mama. Kisha alifungua daftari juu ya sakafu, akaeleza, polepole, kama anayesoma hukumu yake mwenyewe. Kwamba peni ilipokuwa moja, aliyekuwa nayo alimzuia mwingine, na ule ugomvi wa ukumbini, wa peni umeificha wapi, ndio uliokuwa ukimlinda mama kila asubuhi. Kwamba yeye aliuondoa. Kwamba daftari liliwaambia wasome kwanza na kuandika mwisho, na kati ya hapo palikuwa na dakika kumi ambazo kila mmoja wao alikuwa kipofu. Kwamba majina yangebaki, Mshonaji angekuta jina la wifi yake siku ile ya kwanza kabisa, akashtuka.

"Niliongeza peni, nikafuta majina, ili msisubiriane na msihesabiane," alisema. "Hamkukosea hata mmoja. Mmefanya nilivyoandika."

Dada Mkubwa alilitazama daftari muda mrefu. "Yaani mara zote zile za jasho..."

"Ndiyo, dada."

"Mimi nimechoma juu ya yake. Au yeye juu ya yangu."

"Ndiyo."

Dada Mkubwa aliuweka muhuri wa maktaba kwenye benchi, akajifunika uso kwa viganja vyote viwili. "Nimemwita mke wako mwongo mbele ya manesi," alisema ndani ya viganja. "Wifi, nimekuita mwongo."

Mshonaji alisogea katika ile nafasi ya katikati na kumshika bega. Lakini macho yake yalikuwa kwa mumewe aliyechuchumaa.

"Mama alikwambia lini?"

"Ijumaa."

"Leo ni Jumatatu," Mshonaji alisema. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilimwogopesha zaidi. "Wifi alinitukana kwa uchungu, nami ningekuwa yeye labda ningemtukana. Wewe ulijua mimi si mwongo tangu Ijumaa. Na hata hiyo Jumanne, miaka kumi na moja ya kuishi nami haikukwambia kitu? Ulilitazama daftari. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, ukalitazama daftari."

Alilifunga daftari. Nesi alitoka wodini na kuwaambia mama anauliza kama hao anaowasikia nje ni watoto wake, na kama wanagombana. Dada Mkubwa aliinuka haraka akajifuta uso. Waliingia pamoja, wanawake wawili wameshikana mikono, wakasimama karibu sana na kitanda ili mama ajue kwa hatua zao kwamba wamekuja kwa pamoja.

"Hatugombani, mama," Mshonaji alisema.

"Tumeambizana," alisema Dada Mkubwa.

Mama alifumba macho. "Afadhali," akasema.

Alifariki Alhamisi, saa nne asubuhi, siku ya kumi tangu alipozimia. Nimonia ndiyo iliyoandikwa kwenye cheti. Watoto wake wote wawili na mkwe wake walikuwepo, na kwa kuwa hakukuwa na zamu, hakuna aliyelazimika kuitwa.

Baada ya mazishi Dada Mkubwa alizikusanya peni zote mbili, akazirudisha kwa yule daktari kijana, pamoja na kopo la sindano ambazo hazikutumika. Daftari hakuna aliyethubutu kulitupa. Lilikaa kwenye msumari wake wiki tatu, mraba wa Jumanne ile ukiwa na alama moja yenye mkia uliopinda na miraba iliyofuata ikiwa mitupu, hadi Mhandisi alipoukata uzi na kulitia kabatini, chini ya nguo za mama.

Kazini kufuli lilirudishwa. Programu ya bohari sasa ni nzito kidogo, makarani hungoja kiasi cha kupepesa jicho kabla skrini haijajibu, na haijaanguka tena. Mkuu wa bohari alimpelekea Mhandisi salamu za rambirambi na kiti.

Mshonaji alirudi nyumbani. Huongea na mumewe mambo ya nyumba, kwa adabu, na bado hajamwambia kama amemsamehe. Lakini asubuhi, kabla hajatoka kwenda kibandani, hufungua mlango wa uani na kuita, "Wifi, mimi natoka," na kutoka chumba cha uani Dada Mkubwa huitikia, "Nimekusikia, wifi." Hafungi mlango mpaka aitikiwe.